Kuwaombea Ndugu Waliolegea Katika Imani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni katekista, mwalimu wa dini, wa kigango kimoja (kanisa dogo lililo chini ya parokia) huku Mtwara. Maswali haya sikuyatunga. Nimeyaandika kwenye daftari kwa miaka kadhaa kama yalivyoulizwa: baada ya Misa, kwenye sala za jumuiya, msibani, na mengine kwenye foleni ya kupima korosho ghalani, ambako watu husema mambo wasiyoyasema kanisani. Wanaouliza zaidi ni akina mama. Akina baba nao huuliza, ila wao huanza na "kuna jamaa yangu mmoja". Jibu likigusa swali jingine nimeweka namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Aliyelegea, aliyehama na aliyebadili dini, wote ni sawa?

Hapana, na ukiwachanganya utaomba vibaya. Kuna anayeamini lakini haendi Misa: korosho zilimchukua Oktoba, msimu ukaisha, yeye hakurudi. Kuna asiyekomunika, yaani asiyepokea Ekaristi, kwa sababu anaishi na mwenzake bila ndoa ya Kanisa. Huyu mara nyingi anaamini kuliko sisi, ila alisikia neno "ametengwa" akaamua hata mlangoni asikanyage. Kuna aliyehamia kwa walokole. Kuna aliyesilimu, mara nyingi kwa ajili ya ndoa. Na kuna wachache, hasa waliosoma mbali, wanaosema Mungu hayupo.

Wa kwanza anahitaji kuamshwa. Wa pili anahitaji mtu wa kumsindikiza kwa paroko. Wa tatu alitafuta kitu kwetu akakikosa, na ni vizuri kujua ni kitu gani. Kabla hujaanza kusali, kaa ujiulize wako ni yupi. Usimwite mwasi mtu aliyeshikwa na usingizi tu.

2. Ubatizo wake umefutika?

Haufutiki. Ubatizo huacha alama rohoni ambayo hakuna dhambi inayoweza kuiondoa, ndiyo maana hautolewi mara mbili. Hata akizamishwa baharini Shangani na kanisa jingine, ule wa utotoni ndio ulioshika. Unapomwombea, unamwombea mtu wa nyumbani aliyeko safarini.

3. Kama Mungu hamlazimishi mtu, sala yangu inafanya kazi gani?

Soma Marko sura ya 2. Watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza, wakakuta nyumba imejaa, wakapanda juu wakatoboa dari, wakamteremsha na kitanda chake. Injili inasema Yesu aliiona imani *yao*. Yule mgonjwa mwenyewe hajasema neno hata moja katika habari yote. Anayemwombea mwingine ameshika pembe moja ya kitanda kile.

Lakini mbebaji hamponyi mgonjwa, wala hawezi kusimama kwa niaba yake akaambiwa "chukua kitanda chako uende". Sala humwombea mtu neema: akutane na mtu fulani, neno fulani limguse, usiku fulani akose usingizi kwa sababu njema. Kusema ndiyo au hapana kunabaki kwake. Kwa hiyo akina mama wawili wanaweza kusali sawasawa kwa machozi yaleyale, wa mmoja akarudi mapema na wa mwingine akachelewa, na hiyo isiwe kipimo cha imani ya mama yeyote kati yao. Nalisema hili kwa sababu nimesikia mtu akimwambia mwenzake, "Wewe hujasali vya kutosha." Neno baya hilo.

4. Niombe nini hasa?

Wengi huomba "arudi kanisani". Si kosa, ila ni kama kuomba mtu arudi nyumbani bila kujali kama atapendwa akifika. Omba kwanza amjue Kristo. Omba apate mtu mwingine wa kuzungumza naye, kwa maana mara nyingi mtu huyo si wewe. Omba jeraha lake lipone kama lipo (swali la 18). Na omba wewe mwenyewe usiwe gogo lililolala njiani.

Maneno yakikupungukia, sema hata hivi: "Bwana, unamjua fulani kuliko ninavyomjua mimi niliyemzaa. Mfuate huko aliko. Mpe mtu mwema leo. Na mimi unifunge mdomo pale ninapoharibu." Hii naitumia mwenyewe kwa mdogo wangu. Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu.

5. Lazima ajue kwamba namwombea?

Si lazima. Kama habari hiyo itamfariji, mwambie mara moja tu. Kama kila simu unamalizia na "nakuombea sana mwanangu" kwa sauti ya msibani, atasikia lawama. Acha.

## Sala zenyewe

6. Kwa nini tunaambiwa tumkimbilie Mtakatifu Monika?

Kwa sababu yalimkuta haya haya. Monika alikuwa mama wa Afrika ya Kaskazini, katika mji wa Tagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Mume wake, Patrisi, alikuwa mpagani mwenye hasira za haraka, akabatizwa mwishoni mwa maisha yake. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, alikuwa na akili nyingi, akaenda kusoma Karthago, akapata mwanamke wakazaa mtoto bila ndoa, kisha akaingia kwenye dhehebu la Wamani, wafuasi wa mtu aitwaye Mani, na kukaa nalo miaka kama tisa. Akirudi nyumbani alikuwa anamfundisha mama yake dini. Wazazi wenye watoto waliofika chuo kikuu wanaijua hali hiyo.

Watu husimulia machozi ya Monika wakaruka kipande ambacho kwangu ndicho kikubwa. Mwanzoni alimkataza mwanawe kukaa nyumbani na kula naye meza moja. Alikasirika kama tunavyokasirika. Kisha akaota ndoto: yeye amesimama juu ya ubao, analia, na kijana mwenye kung'aa anamwambia atazame, pale alipo yeye ndipo na mwanawe alipo. Alipoamka akamrudisha mezani. Augustino alikuwa bado hajabadilika hata kidogo. Yeye hata ndoto ile aliigeuza, akasema maana yake mama ndiye atakayehamia upande wake. Mama akajibu papo hapo: hapana, sikuambiwa nitakuwa ulipo, niliambiwa utakuwa nilipo. Wakaendelea kula pamoja. Safari ya kurudi ilichukua miaka mingi baada ya hapo, lakini sahani yake ilikuwapo mezani muda wote.

Monika alimwendea pia askofu mmoja amsaidie kubishana na kijana. Askofu akakataa: mwache kwanza, mwombee tu, ataona mwenyewe. Mama akazidi kumsihi mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, mtoto wa machozi kama hayo hawezi kupotea.

Baadaye Augustino alitaka kwenda Roma. Mama akamshikilia asiondoke. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu, na usiku ule mama akiwa anasali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na pwani, meli ikang'oa nanga. Asubuhi mama alikuta bahari tupu. Aliomba mwanawe asiondoke, naye akaondoka. Na safari hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha Milano, akamsikia Askofu Ambrosi, akabatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387. Monika alikuwapo, kwa kuwa alimfuata ng'ambo ya bahari. Alifariki mwaka huohuo huko Ostia. Sikukuu yake ni Agosti 27, na ya mwanawe inafuata kesho yake, Agosti 28.

7. Sina muda wala sijui sala nyingi. Nisali nini?

Rozari inatosha. Ukishindwa mafungu yote matano, sali fungu moja la Salamu Maria kumi kwa ajili ya mtu mmoja. Asiyejua kusoma anaijua Salamu Maria, na Salamu Maria hamsini hazihitaji kitabu. Katika kipindi cha kuokota korosho mikono ina kazi lakini mdomo hauna. Mama mmoja wa jumuiya yetu husali kwa mikorosho yake, kila mkorosho na mtoto wake mmoja. Ana watoto saba. Anasema wa sita ana mikorosho mingi kuliko wote.

Sala ya Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, ni dakika mbili tu. Saa tisa alasiri, saa ya kufa kwake Bwana, wengi husali Rozari ya Huruma. Chagua moja uishike. Kuanza sala tano Jumatatu na kuziacha zote Alhamisi ndio ugonjwa wetu.

Na ukisafiri njia ya Masasi ukapita Ndanda, ingia kanisa la abasia ukae kimya kidogo. Watawa wa Mtakatifu Benedikto wanasali hapo kwa saa za siku tangu walipofika mwaka 1906. Ukiishiwa maneno, kaa ndani ya maneno ya wengine.

8. Novena ya Huruma ya Mungu inawahusu watu hawa?

Sana. Ni sala ya siku tisa. Huanza Ijumaa Kuu na kuishia Jumamosi inayotangulia Jumapili ya Huruma, na kila siku ina kundi lake. Siku ya nne ni ya wasiomjua Mungu, siku ya tano ni ya waliojitenga na Kanisa, siku ya tisa ni ya walio vuguvugu. Mwaka ambao nilimsalia mdogo wangu siku ya tano, nilipofika siku ya tisa nilijikuta namwombea katekista.

9. Naweza kutoa nia ya Misa kwa mtu aliye hai? Hata kama si Mkatoliki tena?

Ndiyo, kwa yote mawili. Sheria ya Kanisa (kanuni 901) inamruhusu padre kutoa Misa kwa ajili ya yeyote, aliye hai au marehemu. Huku kwetu tumezoea nia za marehemu hadi mtu akisikia jina la mwanawe likitajwa anashtuka kama ametangaziwa kifo. Mwambie katibu wa parokia aandike wazi "kwa ajili ya uongofu" au "kwa ajili ya afya ya roho na mwili", au asitaje jina kabisa, itajwe "nia ya familia".

Kuhusu pesa: ile ni sadaka, na kiasi chake hupangwa na maaskofu. Hununui Misa. Ukiwa huna kitu, nenda kwa paroko umwambie huna kitu. Kanuni 945 inawahimiza mapadre watoe Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo sadaka. Usikae nyumbani kwa aibu ya shilingi.

10. Naweza kumpatia rehema kamili mwanangu aliyelegea?

Hapana. Rehema, yaani kuondolewa adhabu inayobaki baada ya dhambi kusamehewa, unaipata kwa ajili yako mwenyewe au unaielekeza kwa marehemu. Mtu mwingine aliye hai huwezi kumpatia, kwa kuwa inamtaka mwenyewe aungame na kukomunika. Kwake una sala, Misa na mfungo.

11. Nifunge?

Unaweza, kwa kiasi. Mgonjwa wa kisukari, mjamzito na anayenyonyesha asifunge chakula. Afunge kitu kingine. Mfungo mgumu kuliko wa chakula ni kufunga kumsema mtu huyo kwa majirani, Kwaresima nzima.

## Nyumbani

12. Nimkumbushe kwenda Misa au ninyamaze?

Inategemea umri na paa. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayekula kwako, mwamshe mwende. Mtu mzima mwenye nyumba yake, mwambie mara moja, kwa utulivu, mkiwa wawili: "Mwanangu, ningefurahi ukirudi, na mlango wangu hautafungwa ukichelewa." Baada ya hapo umeshasema. Mwalike kwenye mambo yenye sababu: ubatizo wa mtoto wa dada yake, Misa ya kumbukumbu ya bibi, Noeli. Mwaliko ni tofauti na kukumbusha. Mwaliko una pilau ndani yake.

Wengine huniambia, "Katekista, nikinyamaza si nitaulizwa na Mungu?" Yule askofu wa swali la 6 alishauri mama anyamaze mbele ya mtoto na apaze sauti mbele za Mungu. Sijapata ushauri bora.

13. Nikimsalimu "Tumsifu Yesu Kristo" haitiki. Niendelee?

Msalimu "Hujambo mwanangu" na umpe kiti. Salamu isigeuzwe mtihani.

14. Je, nimtumie mjomba wake?

Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera neno la mjomba ni zito, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nimeona mjomba akimrudisha kijana kwa kumchukua shambani siku tatu bila kutaja dini hata mara moja, siku ya nne, Jumapili, alisema tu, "Mimi nakwenda Misa, twende." Nimeona pia kikao cha ukoo kikimweka kijana katikati, wazee sita wakisema kwa zamu. Alikuja Jumapili mbili kwa woga wa wajomba, ya tatu akapanda basi la Dar es Salaam. Mjomba mmoja, faragha, ndiyo. Baraza, hapana.

15. Binti yangu ameolewa na Mwislamu. Nimempoteza?

Kwanza uliza kilichotokea hasa, maana watu huchanganya mambo matatu. La kwanza: alibaki Mkristo na ndoa ilifungwa kwa ruhusa ya askofu. Hiyo ni ndoa inayotambuliwa na Kanisa, na yeye anakomunika kama kawaida. Aliahidi kufanya awezavyo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mumewe akaarifiwa ahadi hiyo. La pili: alibaki Mkristo lakini wakafunga ndoa bomani au kwa sheikh bila ruhusa. Hapo hawezi kukomunika mpaka jambo lirekebishwe na parokia, na mara nyingi linarekebishika. Misa anaweza kuja, na aje. La tatu: alisilimu. Hapo endelea kumpenda na kumwombea, na ujue siku akitaka kurudi njia ipo (swali la 23).

Kwa vyovyote, usimtukane mkwe wako wala dini yake. Huku pwani nyumba moja kuwa na Juma na Yosefu si ajabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja. Na hata bila mtaguso, ukitukana Uislamu Lindi au Mikindani, umetukana nusu ya ukoo wako.

16. Mume wangu haamini tena. Ndoa yetu imeharibika?

Imani yake kupotea hakuivunji ndoa. Paulo (1 Wakorintho 7) anamwambia mke aliye na mume asiyeamini asimwache ikiwa mume anakubali kukaa naye. Petro naye anasema waume wasiolitii neno huvutwa pasipo neno, kwa mwenendo wa wake zao. Ila maandiko hayo yasitumiwe kumfunga mwanamke anayepigwa. Ukipigwa, toka uende mahali salama, na sala zitaendelea huko.

17. Wajukuu hawajabatizwa. Nawabatize kwa siri? Na vipi nikiweka maji ya baraka kwenye chai ya baba yao?

Kwa siri, usithubutu. Ili mtoto mchanga abatizwe, angalau mzazi mmoja akubali na pawe na tumaini kwamba atalelewa katika imani. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa hilo ni jambo jingine: hapo yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na maneno yale tunayoyajua. Wakija likizo kwako na wazazi hawajakataza, sali nao kabla ya kulala. Watoto hukumbuka harufu ya chumba cha bibi na maneno aliyokuwa akiyasema gizani.

Kuhusu chai: nimeshakutana na maji ya baraka kwenye chai, chumvi ya baraka kwenye mboga, na medali iliyoshonwa ndani ya mto. Visakramenti, yaani vitu vilivyobarikiwa kama hivyo, hutumika kwa imani ya anayevitumia. Ukivificha kama dawa vitende vyenyewe, umeshavuka kwenda kwenye ushirikina. Medali mpe mkononi. Akiikataa, itunze.

## Jumuiya na parokia

18. Aliumizwa na watu wa Kanisa. Nimwombee arudi kwa haohao?

Kuna familia ninayoijua. Mzee wao alipofariki, kabla ya yote waliulizwa kadi ya michango, na mwili ulikuwa ndani. Mazishi yalifanyika mwishowe, lakini watoto wanne wa nyumba ile hawajakanyaga kanisani tangu siku hiyo. Nikiwa nao siwezi kuanza na Luka 15, kwa sababu katika habari yao mwana mpotevu si wao.

Mtu kama huyu mwombee apone kwanza. Msikilize mpaka mwisho bila kutetea. Kama kosa lilikuwa letu, sema lilikuwa letu. Kama aliyemkosea yupo na anaweza kuomba msamaha, hilo ni bora kuliko novena kumi. Na kama aliyotendewa ni jinai, hasa kwa mtoto, lifike polisi na kwa askofu; usimwambie asamehe kimyakimya.

19. Nimtaje jina kwenye sala za jumuiya?

Usimtaje kama hajakuruhusu. Jumuiya ina nyumba kumi na tano na mdomo mmoja. Kesho habari iko gengeni. Sema "tuwaombee ndugu zetu walio mbali". Vivyo hivyo kwenye makundi ya WhatsApp ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania): nimewahi kuona jina, picha na dhambi za kijana, na chini yake "Amina" arobaini. Dada yake alikuwamo kundini.

20. Amehamia kwa walokole na ananialika. Niende?

Kwenda mara moja kwa heshima si dhambi, ili mradi Misa yako ya Jumapili iko palepale na hushiriki meza yao wala kukubali kubatizwa tena (swali la 2). Ukifika angalia alichokipata: pengine wanamjua kwa jina, wanamtembelea akiugua, wanamwachia nafasi ya kuimba. Kisha rudi jumuiya yako ujiulize mara ya mwisho mlimtembelea lini. Mabishano ya sanamu na Bikira Maria yaache. Akiuliza, jibu kwa kifupi. Asipouliza, kula naye ming'oko.

## Palipo pagumu

21. Nimeomba miaka ishirini. Niache?

Usiache, lakini badilisha namna. Miaka mingi ya kudai huchosha moyo. Sali siku moja ukishukuru kwa ajili yake tu: anatunza mama mkwe, hanywi, analipa ada ya mtoto wa kaka yake. Utashangaa neema imekuwa ikifanya kazi kwa mlango wa uani.

Usiende kwa mganga "kumfungua". Wapo wanaotoka Misa ya kwanza wakaenda huko Jumatatu. Mungu hashindani na hirizi, na mtu aliyevutwa kwa dawa hajarudi popote.

Nikichoka huwa nakumbuka historia ya hapa. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilianza mwaka 1895 na 1896, zikachomwa wakati wa Majimaji mwaka 1905. Aliyesimama kwenye majivu yale hangedhani kuna kitu kitaota. Mwaka uliofuata ndipo ilipoanza Ndanda.

22. Amefariki kabla ya kurudi. Sala zangu zimepotea?

Hapana. Hujui kilichopita kati yake na Mungu katika saa ya mwisho, na Kanisa halijawahi kumtaja mtu yeyote kwa jina kwamba yuko motoni. Endelea kumwombea, Mungu hafungwi na kalenda yetu. Monika naye, alipokuwa anakaribia kufa, aliwaambia wanawe wauzike mwili popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Kuhusu mazishi ya Kanisa: aliyeikana imani waziwazi na hakuonyesha dalili yoyote ya toba huenda asipewe. Paroko akiwa na mashaka humwuliza askofu, kwa hiyo mweleze ukweli wote, hata kile kidogo, kwamba aliomba rozari yake wiki ya mwisho. Kama alikuwa Mwislamu na ndugu wanamzika jioni ileile, nenda, kaa mkekani, saidia kupika, usigombanie maiti. Nia ya Misa utaitoa baadaye.

Na kama alijiua: Katekisimu (namba 2283) inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao, na kwamba Kanisa huwaombea. Mtu anayemwambia mama mfiwa vinginevyo anasema ya kwake.

23. Anataka kurudi. Afanye nini?

Aonane na paroko, si siku ya Jumapili padre akiwa mbioni kwenda kigango cha pili. Aliyeacha tu kuja Misa anahitaji kuungama, basi. Mwenye suala la ndoa ataelekezwa. Huenda asikomunike mara moja, lakini benchi ni lake tangu siku hiyo. Aliyejiunga rasmi na dini nyingine habatizwi upya. Ataikiri imani na kupatanishwa kwa utaratibu ambao padre anaujua. Msindikize mpaka mlangoni, kisha kaa nje chini ya mwembe. Usiingie naye.

24. Mimi mwenyewe ninayeomba, imani yangu imepungua. Sala yangu inasikika?

Yule baba wa Marko sura ya 9 alimlilia Yesu kwamba anaamini, amsaidie kutokuamini kwake. Mwanawe akaponywa siku hiyohiyo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akushikie pembe yako ya kitanda kwa wiki mbili tatu.

25. Alirudi Jumapili moja, halafu hakuonekana tena. Nianze upya?

Jiulize kwanza ilikuwaje siku ile. Kwetu alikuja kijana mmoja baada ya miaka kama tisa, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Misa ilipokwisha mtani wake akapaza sauti uwanjani, "Jamani, leo jua limechomoza magharibi!" Watu wakacheka, na yeye akacheka. Wiki iliyofuata hakuja.

Akija tena, msogelee kidogo kwenye benchi apate nafasi, mpe kitabu cha nyimbo kikiwa kimefunguliwa ukurasa wenyewe, na mkitoka nje muulize habari za mikorosho yake, kama imetoa maua.